Kupita kulia: mwenye kosa ni anayepita au anayeziba leni?

Katika nchi ambazo magari hutembea upande wa kulia wa barabara, kama Marekani, Ujerumani na Ufaransa, dereva hufundishwa mapema kwamba ukitaka kuovateki, unapita kushoto kwa mwenzako. Ukimpita kulia umemjia upande asiokutegemea. (Wanaoendesha kushoto, kama Waingereza, wageuze tu: kwao upande wa mashaka ni wa kushoto.) Hapo hakuna anayebisha. Ubishi huanza kwenye barabara ya leni tatu, gari moja limeng'ang'ania leni ya kushoto kwa mwendo wa konokono, na leni ya kulia iko wazi mpaka macho yanapokoma.

Kuhusu sheria, utasikia watu wakisema mojawapo ya mambo mawili, na yote hayajakaa sawa: ama kupita kulia ni marufuku popote, ama ni ruksa mradi gari lako linapenya. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani uliweka kanuni ya kushoto, kisha ukaacha milango. Aliye mbele akishaonyesha indiketa kwamba anakata kushoto na kusogea upande huo, anapitwa kulia. Na foleni ikijaa leni zote, kila gari likifuata mwendo wa lililo mbele yake, leni moja kwenda haraka kuliko nyingine hakuhesabiwi kuwa ni kuovateki.

Ujerumani imelishika jambo hili kwa mkono mzito. Nje ya miji, kuovateki kulia ni faini ya euro 100 na pointi moja kwenye rekodi ya dereva. Ruhusa ipo pale magari ya kushoto yamesimama au yanajikokota kwenye foleni. Hapo wa kulia anaweza kuwapita kwa mwendo uliozidi wao kidogo, tena kwa uangalifu mkubwa. Mahakama zimeweka vipimo: foleni ya kushoto isizidi kilomita 60 kwa saa, na anayepita asiwazidi kwa zaidi ya 20. Ndani ya miji mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu magari madogo yana uhuru wa kuchagua leni.

Marekani imechukua njia nyingine. Kila jimbo lina sheria yake, lakini nyingi zinafanana: unaweza kupita kulia kama aliye mbele anakata kushoto, au kama barabara ina upana wa mistari miwili au zaidi ya magari yanayoelekea upande mmoja. Kisha linafuata sharti lenye uzito kuliko yote: upite pale tu hali inaporuhusu kufanya hivyo kwa usalama, na usitoke nje ya sehemu ya barabara inayopitiwa na magari. California imeyaandika haya katika vifungu vya 21754 na 21755 vya sheria yake ya magari. Tatizo la sharti hilo ni kwamba mara nyingi hupimwa baada ya vyuma kugongana. Ukifika salama, hakuna aliyekuuliza. Ukigonga, kugonga kwenyewe kunakuwa ushahidi dhidi yako.

Na sababu za kugonga zipo nyingi. Chukua kioo cha pembeni. Katika magari mengi ya Marekani kioo cha upande wa dereva ni bapa, na cha kulia kimebinuka ili kionyeshe eneo pana. Kubinuka huko hufanya gari lionekane dogo, na kwa hiyo mbali kuliko lilivyo, ndiyo maana kioo hicho huandikwa onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Dereva wa leni ya katikati akitupa jicho kulia anaona kigari kidogo kule nyuma, kumbe kiko ubavuni mwake. Ongeza kwamba njia za kutokea kwenye barabara kuu kwa kawaida ziko kulia. Aliyekumbuka dakika ya mwisho kwamba anashuka hapo atakata kuelekea kulekule unakopita wewe.

Kwa lori lenye trela ni balaa zaidi. Ubavu wake wa kulia una eneo kubwa asiloliona dereva, kwa kuwa yeye amekaa kushoto na juu. Anapotaka kukata kulia kwenye kona nyembamba, mara nyingi hujitanua kwanza kushoto ili magurudumu ya nyuma yasipande ukingo. Mwenye haraka anaona uwazi kulia na anauingia, wakati trela ndiyo kwanza inaanza kuufunga. Waendesha baiskeli na pikipiki wanaifahamu hatari hii vizuri.

Ila ajali ninayoiona ya kinyonge kuliko zote inatokana na wema. Foleni imesimama. Dereva mmoja anaacha nafasi mbele yake na kumpungia mkono mtu wa upande wa pili anayesubiri kukata kushoto. Yule anashukuru, anaingia, na wakati huohuo kuna mjanja anayepita kulia kwa foleni, akitumia ile sehemu pana kando ya mstari. Hakuna kati yao aliyeweza kumwona mwenzake kabla ya kukutana. Mtembea kwa miguu anayevuka mbele ya gari lililomsimamia yuko kwenye mtego uleule.

Kwa upande mwingine, watetezi wa kupita kulia nao wana hoja, na nadhani hupuuzwa kwa haraka mno. Mtu aliye leni ya kulia tangu mwanzo, ndani ya mwendo halali, bila kuhama wala kuchomekea, afanyeje akikuta wa kushoto anaenda polepole? Ukiifuata kanuni ya Kijerumani kikamilifu, apunguze mwendo abaki nyuma. Maana yake gari moja lililozubaa linazishika leni zote. Katika maisha halisi watu hawabaki nyuma kwa utulivu. Wanamsogelea aliye mbele mpaka bampa linakaribia kugusana, wanamwashia taa, na hilo nalo linaua. Kumpita mtu kulia kwa kwenda moja kwa moja katika leni yako ni jambo tofauti kabisa na kuruka kutoka kushoto, kumzunguka, kisha kumkata mbele. Sheria isiyotofautisha hayo mawili inaadhibu upande na kuacha tabia.

Binafsi naona kanuni kali inafaa kwenye barabara za kasi, kwa sababu pale tofauti ya mwendo ni kubwa na dereva anahitaji kujua hatari itatokea wapi. Kando ya lami, penye changarawe, magari yaliyoharibika na watu wanaobadilisha tairi, hata sihitaji kufikiri mara mbili: pasiguswe. Lakini siungi mkono kanuni hiyo ikisimama peke yake. Inadai uvumilivu kwa wa nyuma, basi lazima imdai wa mbele arudi kulia akishamaliza kuovateki. Hapo Wajerumani wanastahili sifa: anayekataa kurudi kulia kwenye barabara kuu na kuwazuia wengine hulipa euro 80 na kupata pointi moja vilevile. Uingereza, tangu 2013, polisi wanaweza kutoa tiketi ya papo hapo ya pauni 100 na pointi tatu kwa kuendesha bila uangalifu, na tiketi hiyohiyo humfika anayeganda leni ya katikati bila sababu na anayempita upande usiofaa. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria za kukaa kulia kama huovateki, ila kiwango cha kuzisimamia hutofautiana, na pale zinapolegea usishangae leni ya kulia ikigeuka njia ya kupitia.