Daktari alisema nikimbie, hakusema nizibue mtaro

Yaani jamani mimi nilitaka kupunguza kitambi tu. Kitambi na presha, basi. Daktari alinipima, akapima tena kana kwamba mashine imekosea, akaniambia baba chumvi punguza, nyama punguza, fanya mazoezi walau nusu saa kwa siku. Karatasi yake ninayo mpaka leo iko kwenye droo ya cherehani, nimeisoma mbele na nyuma, hakuna sehemu imeandikwa koleo. Toroli halijatajwa. Mtaro ndio kabisaa.

Sasa kukimbia peke yako huku Mbagala ni kujitafutia kesi. Mtu mzima wa mwili wangu ukionekana unatimua mbio alfajiri peke yako watu wanajua ama umeiba ama unawakimbia watu wa marejesho, na kuna wengine wanaanza kukukimbiza kwanza ndo waulize baadae. Nikaona bora nijiunge na joging. Joging Temeke hii ziko kila mtaa, unalipa ada ya mwezi, unanunua tisheti yenye jina la klabu mgongoni, Jumamosi mnakutana kabla hakujapambazuka, filimbi inapigwa, mnajipanga mistari miwili mnashika Barabara ya Kilwa huku mnaitikia kama mchakamchaka wa shule ya msingi. Raha tupu. Ukichoka unashuka kidogo nyuma kwa wakina mama, mnatembea haraka haraka mnapiga stori. Mkirudi mnafanya viungo, mnakunywa supu ya kongoro na chapati mbili, zile kalori zote ulizopoteza unazikuta kwenye bakuli zinakusubiri na ndimu juu. Hiyo ndo michezo ninayoielewa mimi.

Kumbe nilikuwa nimeoneshwa awamu ya kwanza tu.

Jumamosi moja tumemaliza viungo, jasho linatoka, mimi macho yote kwa mama wa supu, mwenyekiti akapanda kwenye tofali akasema "ndugu wanamichezo, sasa twende kwenye jamii." Nikajua jamii ni jina la mgahawa. Nageuka naona katibu anashusha kwenye bajaji mafagio ya chelewa, reki, makoleo na furushi la viroba vitupu. Nikamuuliza jamaa aliyekuwa pembeni yangu, vipi tena, akasema bro we hujasoma katiba? Joging yetu ina katiba! Kifungu sijui cha ngapi, klabu itakimbia NA kujitolea. Mi niliangalia bei ya tisheti tu nikasaini.

Na usinieleze habari za kujitolea ni jambo jipya, mi nipo nchi hii. Nakumbuka 2015 Magufuli alivyofuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba akasema watu wafanye usafi, na yeye mwenyewe akaingia barabarani kule karibu na Ikulu na soko la samaki Feri, anaokota. Baadae ikaja hii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mimi nafagia mbele ya karakana yangu vizuri tu bila kusukumwa. Lakini siku ile ya 2015 hakuna aliyeniambia kwanza nikimbie mpaka Mtongani nirudi halafu ndo nishike fagio! Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Nikifagia nifagie, nikikimbia nikimbie. Kuna rafiki yangu anaendesha lori mpaka Kigali, ananiambia wenzetu kule wana umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi nchi nzima inatoka na majembe, halafu wana siku zao za barabara kufungwa magari watu wakimbie na kuendesha baiskeli, ila hiyo ni Jumapili. Umeona watu wenye akili? Wameweka usiku mzima katikati, mgongo upumue. Sisi tumechanganya yote kabla ya saa tatu asubuhi.

Tukapelekwa mtaro wa sokoni. Mtaro ule sijui nani aliuchimba ila nina uhakika aliyeuchimba hakuwahi kurudi kuuangalia. Maji meusi hayaendi mbele hayarudi nyuma, yamekaa yanatoa mapovu. Tumegawiwa glovu, nusu yetu tukapata, mimi nikapata moja, ya kushoto, mkono wa kulia nikafunga na mfuko wa mkate. Ukizamisha koleo unasikia limekamata kitu, unavuta, kinagoma, unavuta tena mishipa ya shingo inasimama, linatoka pampasi. Siyo moja. Pampasi zimeshikana zimevimba na mchanga, kila moja ina uzito wa mtoto mwenyewe. Nikawa najiuliza watoto wa mtaa huu wanakula nini.

Na juu yetu sasa, kwenye mabenchi, wamekaa watu. Vijana wazima, wana mikono miwili kila mmoja, wanakunywa chai ya tangawizi wanatuelekeza. "Mzee hapo kushoto umeacha." "Aunt vuta hiyo nguo hiyo." Mmoja alikuwa anakula ubuyu. Nilimuona kabisa, alikula taratibu, akalamba vidole, akakunja kile kimfuko kidogo akakidondosha kwenye mtaro, sehemu niliyotoka kuisafisha MIMI, maji yalikuwa yameanza hata kutembea. Nikamwangalia. Akaniambia "pole na kazi mzee." Sasa mtu kama huyo unamfanya nini? Kapiga salamu, huwezi hata kumtukana! Nikakivua kile kimfuko na koleo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, ile mikubwa ya rambo kweli siku hizi huioni, ila hivi vidogo vya karanga, ubuyu na barafu vimejaa mpaka unaweza kushonea pazia.

Nikiwa katika hali hiyo kijana mmoja wa joging, amesoma soma, ananiambia mzee hii kitu ni ya kimataifa, kuna jamaa wa Sweden anaitwa Erik Ahlström alianzisha pale Stockholm 2016, watu wanakimbia huku wanaokota taka, sasa hivi imeenea dunia nzima, na ile kuchuchumaa inasaidia mapaja. Nikamwambia mwanangu, Stockholm unakimbia wee mpaka unatamani taka, ukiona kopo unalifurahia. Hapa kwetu Mbagala Rangi Tatu ukianza kuokota hukimbii tena, unahama sentimita kwa sentimita, kiroba kinajaa hujafika hata kwenye kibanda cha M-Pesa. Mapaja yangu yalishasaidika toka yadi ya kwanza.

Halafu na hicho kiroba chenyewe. Nimejaza, nimekiegesha pembeni nafuta jasho, nageuka jamaa mwokota makopo kashakifungua, anachambua chupa za maji anaweka kwenye gunia lake, kwake zile ni hela, anapima kwa kilo. Nikamwambia kaka hizo tumeokota sisi. Akanijibu kwa upole kabisa, "kwani mnauza?" Nikakosa la kusema. Na ukiangalia vizuri yule bwana ndo anafanya kazi hii kila siku ya Mungu na kukimbia anakimbia, hana tisheti, hana mwenyekiti, hana kitambi. Tulitakiwa tumuombe yeye ndo atuongoze.

Basi nikajua tumemaliza, kumbe kuna programu ya wazee. Yule yule kijana msomi ndo kaileta, eti London kuna kundi linaitwa GoodGym lilianzia mashariki ya jiji, mtu anatoka mbio kwake mpaka kwa mzee anayeishi mpweke, anakaa nae kidogo wanaongea, anarudi mbio, na yule mzee wanamwita kocha kwa sababu ndo anakufanya utoke nyumbani ukakimbie. Wazo zuri sikatai. Shida ikaja kumpata huyo mzee mpweke hapa mtaani. Tumezunguka! Kila bibi tunayeambiwa anaishi peke yake ukifika unakuta wajukuu sita, mpangaji, na shemeji aliyekuja kutibiwa toka Lindi. Mwishoni tukapewa bibi mmoja wa mtaa wa pili, naye hayuko peke yake ila wajukuu zake hawapendi kufagia.

Tukafika mbio, tunahema, "shikamoo bibi." Marahaba, hata hakutuangalia, alituangalia viatu. Akasema mnaingia uwanjani kwangu na matope ya sokoni? Tukavua. Tukaanza kufagia peku. Mi nikafagia upande wa mwembeni, nikajiona nimemaliza, bibi akaja na kigoda chake akakaa kabisa katikati ya eneo langu akasema "baba, wewe kwenu ulilelewa na nani?" Eti nafagia napeleka vumbi kwa jirani, kwanza inanyunyizwa maji, pili unaanzia mlangoni unatoka nje, tatu fagio la chelewa halishikwi hivyo. Nikarudia. Akasema tena. Nikarudia! Hapo mke wangu nyumbani ana miaka ananiomba nifagie uwani namwambia mgongo, mgongo ndo ofisi ya fundi makochi, usiuguse. Sasa picha zangu nimeinama kwa bibi wa watu zikarushwa kwenye grupu la joging, na mke wa mweka hazina ni rafiki wa mke wangu. Malizieni wenyewe.

Siku nyingine ikawa zamu ya kuchangia damu, hema la damu salama limekuja mtaani. Hapo nikafurahi kidogo, angalau unafanya kazi ya jamii umelala, na ukimaliza unapewa soda na biskuti. Masharti nayajua, umri miaka 18 mpaka 65, uzito usipungue kilo 50, na hizo 50 mi nilizipita nikiwa kidato cha pili. Lakini mwenyekiti kama kawaida yake akasema tuanze na mbio. Tumefika pale tumelowa. Nesi akanipima presha na mapigo, akaniangalia, "baba umetoka wapi?" Nikasema mazoezini. Akasema moyo unaenda mbio namna hii halafu nikutoe damu uanguke hapa niitwe mimi? Na chai umekunywa? Sijanywa, tunakunywaga supu baadae. Akanionesha kiti, kaa hapo unywe maji utulie kwanza. Nikakaa joging nzima tukiwa tumepangwa kwenye viti vya plastiki tunatulizwa mioyo, huku watu wa mtaani waliotoka kitandani na chai yao tumboni wanapita mbele yetu, wanalala, wanatoa, wanaondoka na soda. Zamu yetu imefika soda zimeisha. Nikatoa damu yangu kwa biskuti kavu.

Mgeni rasmi simzungumzii sana maana uchaguzi hauishagi nchi hii. Nitasema tu kwamba alikuja tukiwa tumeshamaliza, tisheti yake imepigwa pasi, akaomba fagio, akaomba na kataka kidogo karudishwe chini ili picha iwe na maana. Tukakarudisha.

Mtaniuliza si utoke? Utatokaje. Joging hii ndo inazika. Alipofariki baba mkwe, turubai, viti, masufuria, rambirambi, vyote vilitoka joging, na vijana walichimba kaburi wakiwa na tisheti zile zile. Ukijitoa kwenye grupu inaandika pale "ametoka" kila mtu anaona, kesho yake ukipata msiba unaanza kutafuta viti peke yako. Kwahiyo nakomaa. Presha yenyewe nimeenda kupima juzi imeshuka, daktari akaniuliza unafanya zoezi gani, nikamwambia pampasi.

Kinachoniua sasa ni hii ya kualikana. Joging ya Tandika imetualika Jumamosi ijayo, tunakimbia toka huku mpaka kwao, tunafagia soko lao, halafu mwezi unaofuata wao wanakimbia kuja kufagia soko letu. Nimekaa nimefikiria nimeshindwa. Si kila mtu angebaki kwake afagie kwake na supu anywe kwake? Nikaiuliza kwenye grupu kwa heshima zote, mwenyekiti akajibu "huo ndio umoja" akaweka na misuli mitatu ile ya njano. Halafu chini akaandika kila mwanachama aje na koleo lake. Langu liko kwa katibu toka siku ya mtaro, nikamwandikia katibu palepale hadharani, ndugu naomba koleo langu. Ameona. Kaniwekea dole gumba.