Kandambili Ukutani

Mgeni wangu alikuwa katikati ya hadithi alipovua kandambili. Nikadhani mguu unamwasha. Kumbe kamwona mjusi kafiri karibu na taa ya baraza, na kabla sijafungua mdomo, paa! Mjusi akapotelea nyuma ya fremu ya dirisha. Mkia ukabaki sakafuni, ukijinyonganyonga kana kwamba haujapata habari kuwa mwenyewe ameshaondoka. Paka wangu akaurukia. Mgeni akacheka, akavaa kandambili yake, akaendelea na hadithi.

Siku ya tatu leo bado nimenuna, na naandika kwa sababu mbele yake nilinyamaza kama mwoga.

Alikukosea nini? Sumu hana. Kazi yake usiku kucha ni kuvizia mbu na nondo wanaofuata mwanga. Huyu nimemtazama miezi mingi. Kope hana, kwa hiyo macho anayalamba kwa ulimi, taratibu, kama mzee anayefuta miwani. Darini anatembea kichwa chini bila gundi yoyote; nyayo zake zina vinyweleo vidogo mno, malaki kwa malaki, na hivyo ndivyo vinavyoushika ukuta. Wewe, bwana kandambili, huwezi hata kubadilisha balbu bila kushikiwa ngazi.

"Si utaota tena!" ndivyo alivyoniambia nilipouokota ule mkia. Ndiyo, utaota. Ila mkia ule ndiyo ghala lake la mafuta, akiba ya siku za njaa, na utakaoota ndani yake hautakuwa na mifupa bali gegedu tu. Nyumba yako ikiungua, si utajenga tena?

Labda tatizo lilianza na jina. Ukishamwita kiumbe kafiri, nani atamwonea huruma?

Baba alikuwa na mjusi wake, aliyeishi nyuma ya saa ya ukutani. Alimwita mpangaji. Sisi watoto tukimnyooshea ufagio, baba alisema bila kuinua macho kwenye gazeti, "Mwacheni, kodi ameshalipa." Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kuwa kodi yenyewe ni mbu. Tulipokuwa tunafungasha vitu vyake baada ya mazishi, nilishusha ile saa, nikakuta ndani ya kisanduku chake mayai mawili meupe, madogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kaka yangu, ambaye siku ile nzima hakuwa ametoa chozi, alikaa chini na kulia. Saa tuliirudisha palepale, ingawa ilikuwa imesimama zamani.

Haya, kuhusu kinyesi sibishani. Kile cheusi chenye ncha nyeupe nimekifuta kwenye vitabu vyangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Anachafua, basi. Lakini paka wangu, ninayemlaza miguuni pangu, wiki iliyopita alimbwaga chozi mlangoni, ndege mdogo aliyekuwa akinyonya maua ya bustani yangu kila asubuhi, na mgeni huyu huyu akamsifu: mwindaji hodari! Akaniambia nimpe zawadi.

Jana usiku mjusi alitokeza, kigutu, akasimama ukingoni mwa fremu bila kuusogelea mwanga. Paka sasa namfungia ndani jua likizama. Na mgeni amepiga simu kwamba atapita Jumamosi. Karibu sana. Kandambili ataziacha getini.