Duara ni Duara

Mama mkwe wangu hakuipenda ile baskeli tangu siku ilipoingia uani. Aliizunguka mara moja, akaitazama kama mtu anayeuziwa samaki wa jana, akauliza: "Hii ndiyo inayokula umeme?"

Nikamwambia naam mama, lakini kidogo tu. Betri yake ni volti 36, ampea-saa 10. Ukiijaza kutoka sifuri haifiki hata nusu uniti. Feni ya chumbani kwake kwa usiku mmoja inakula zaidi ya hapo, ila hilo nililimeza. Kuna hesabu ambazo mkwe hapigiwi.

"Basi inakula," akasema, akenda zake jikoni.

Tokea siku hiyo kila uniti zikimalizika nyumbani, mshitakiwa alikuwa mmoja.

Mie naishi Mpendae, hapa Unguja, nasomesha Fuoni. Upatu ulipofika zamu yangu, nikainunua hiyo baskeli iliyoshuka na kontena la mitumba. Nadhani imetoka Uholanzi, maana ina vibandiko ambavyo sijaweza kuvisoma hadi leo. Mota yake imo ndani ya kitovu cha ringi la nyuma, wati 250, na haina mkono wa kuvuta moto kama honda. Ukipiga pedali inakusukuma, ukiacha nayo inaacha, na ukifika kilomita 25 kwa saa inakutoka, uendelee kwa miguu yako mwenyewe. Ndivyo sheria za huko Ulaya zinavyotaka. Wanafunzi wangu hawakuyajua yote haya. Wao walimuona mwalimu mwenye kitambi, upepo wa kusi unampiga usoni, anawapita vijana wa baskeli za kawaida huku anatabasamu. Wakadhani nina nguvu. Sikuona haja ya kuwasahihisha.

Masika yakaja. Nikapita madimbwi ya Mwanakwerekwe kwa wiki tatu nzima, na ya nne baskeli ikaanza kulia. *Kwi.* Kila pedali ikizunguka, *kwi*. Nikiwa bado barabarani darasa la sita wameshakaa vizuri na madaftari wameshafungua, wanasikia mwalimu anakuja.

Fundi yupo, tena mzuri, chini ya mwembe, si mbali na kwangu. Lakini mie nilikuwa nimeshaangalia video tatu. Mtu akishaangalia video tatu humuwezi. Nilikwenda kwa fundi huyo huyo kuazima kile chuma cha kuvutia mkono wa pedali, akaniuliza, "Nije, maalim?" Nikamjibu, "Utajisumbua bure."

Jumamosi asubuhi nikaipindua baskeli kichwa chini uani, imekalia siti na usukani. Uani kwetu ni padogo. Upande mmoja pana mpapai, upande wa pili ukuta, na katikati kamba ya nguo. Siku hiyo kamba ilikuwa imejaa, na kanga ya mama mkwe, nyekundu ya maua meupe, imeanikwa mwanzo kabisa, pindo lake linapeperuka karibu na ringi la nyuma. Niliiona. Naapa niliiona. Nikasema moyoni, ringi limesimama, kanga imetulia, hapa hapana ugomvi.

Nikafungua nati ya mkono wa kushoto kwa spana namba 14, nikakivuta kile chuma, mkono ukatoka kama jino. Nyuma yake palikuwa na duara dogo la plastiki jeusi, limepachikwa visumaku 12 pembezoni, na pembeni yake kidude chenye waya kinachovisoma hivyo visumaku vikipita. Hapo ndipo mota inapopata habari kwamba bwana mkubwa anapiga pedali, na anapiga kwenda mbele. Haya nayajua leo. Siku ile nililiona ni duara tu, limejaa matope, nikalivuta nilisafishe, likaniponyoka, likabingirika mpaka chini ya mbuzi ya kukunia nazi.

Mwanangu akaniletea. "Baba, linaingia upande gani?"

"Duara ni duara, mwanangu. Halina mbele wala nyuma." Nasomesha hesabu. Mtoto aliniamini.

Nikapaka grisi, nikalirudisha duara, nikakaza kila kitu. Kisha nikatia betri na kuiwasha ili nione tu kama skrini inawaka. Ikawaka. Furaha ile ikanisahaulisha kuizima. Pakabakia jambo la mwisho: kutia mnyororo mafuta ya cherehani.

Aliyewahi kutia mnyororo mafuta anajua inavyokuwa. Mkono mmoja una kichupa, wa pili unarudisha pedali kinyumenyume, mnyororo unapita taratibu chini ya tone, na ringi lenyewe limelala. Ndivyo alivyonifundisha baba yangu kwa baskeli yake ya Phoenix, nami sijaona mtu anayefanya vyengine. Basi nikashika pedali, nikaizungusha nyuma nusu duara.

Ringi likaamka.

Halikuanza polepole. Lilivuma *vuuu*, mara moja, kwa nguvu zote, kwa kuwa juu hewani halikuwa na mzigo wowote. Mie nikashituka, na mkono wa mtu aliyeshituka hauachii. Unaendelea na lile lile ulilokuwa ukilifanya, tena kwa kasi zaidi. Nikazidi kurudisha nyuma. Nalo likazidi kwenda.

Hesabu nimeipiga baadaye. Ringi la inchi 26 mzunguko wake ni mita mbili na kidogo. Kwa kilomita 25 kwa saa linatembea karibu mita 7 kila sekunde. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu. Kwa hivyo kanga nzima inahitaji chini ya robo sekunde, na kwa ninavyokumbuka haikuomba hata hiyo. Pindo liligusa tairi, kisha kanga ikawa haipo. Ikafuata kamba. Msumari ukang'oka kwenye mpapai, na nguo zote zikaja kwangu kwa pamoja: shuka, sare za skuli, kanzu yangu ya Ijumaa. Kanzu ikatua ndani ya beseni la mafuta ya taa niliyooshea mnyororo. Mie nikakaa chini, nimefunikwa foronya, kichupa cha mafuta bado kimo mkononi.

Kukawa kimya. Kuku mmoja tu alikuwa akiuliza maswali.

Nilipoitoa foronya usoni nikamuona mama mkwe amesimama mlangoni na mwiko wake. Hakupiga kelele, na heri angelipiga. Alilitazama ringi, akaitafuta kanga yake kwa macho, akaipata.

"Umeme imeuchoka," akasema. "Sasa inakula nguo."

Mchana wote nilikuwa na mkasi, nachomoa kanga baina ya spoku uzi kwa uzi. Niliyoikoa ilikuwa nusu. Jina la kanga lilikuwa HASIDI HANA SABABU. Kwenye kipande nilichomrudishia mwenyewe palibakia HASIDI HANA. Akaisoma, akanitazama, akaikunja.

Jumapili nikasema niijaribu barabarani. Napiga pedali mbele, mota haitii neno. Baskeli yenye betri na mota bila msaada wa umeme ni kama kumbeba mgonjwa mnene. Nikafika kwenye baraza ya kahawa nimelowa, nikasimama kuamkia wazee, mguu mmoja chini. Na kama afanyavyo kila mtu aliyejifunza baskeli Unguja hii, nikairudisha pedali nyuma kidogo kwa ncha ya kiatu ili ikae tayari.

Sikuimaliza shikamoo. Baskeli iliruka na mie mpaka kwenye meza ya dumna, vipande vikaruka, na mzee aliyekuwa amebakisha kimoja tu ashinde, alisimama akiwa nacho mkononi, anakitazama kwa uchungu ambao sijawahi kumuona nao hata msibani.

Walipokwisha kunilaumu wakaanza kunitibu. Mmoja alisema ina jini. Mwengine akasema betri imeingia maji ya chumvi. Wa tatu, aliyewahi kufanya kazi melini, akawanyamazisha wote: "Hii imetoka Ulaya. Kule wanapita kulia, sisi tunapita kushoto. Lazima kila kitu chake kiende kinyume." Wenzake wakatikisa vichwa. Na mie, msinicheke, kwa muda wa hatua ishirini hivi nilikubali.

Nikaisukuma mpaka kwa fundi. Wa kwanza kutolewa ulikuwa ufunguo wa betri. Akautia mfukoni mwake kabla hajagusa chochote, na hapo tu nilijua nimeshapata nusu ya jibu. Kisha akalifungua ringi la nyuma, akaingiza koleo nyuma ya meno ya mnyororo, akavuta, akavuta, kikatoka kitambaa chekundu kimejaa grisi. Akakinyoosha kwenye goti. Palikuwa na neno moja tu.

"Maalim," akasema, "sababu nimeiona."

Kicheko kilimchukua muda. Alipotulia akavua mkono wa kushoto, akalitoa lile duara, akalifuta kwa kidole gumba, akanionesha. Kulikuwa na mshale mdogo, umechongwa kwenye plastiki, ulikuwa chini ya matope siku zote. Nililipachika limegeuka. Kidude kikisoma visumaku kinaona nyuma ndiyo mbele, basi kinaituma mota pale ninaporudisha, na ninapopiga kwa haki kinanyamaza.

"Si wewe unayesomesha hesabu?"

Akaligeuza, akafunga, akanipa nikajaribu. Chombo kikaenda kama mwanzo, laini, kwa mbele. Nilipogeuka kurudi kwake nikakisikia.

*Kwi.*

Fundi akaniambia nisimame, nishuke. Akaikamata siti kwa mikono miwili, akaitikisa. *Kwi, kwi.* Akatia tone moja la mafuta kwenye springi za siti, akakaza nati yake robo mzunguko. Pakawa kimya. Pedali hazikuwahi kulia hata siku moja.

Alinitoza elfu mbili: elfu moja ya duara, elfu moja ya kufunga mdomo. Ya pili nilidhulumiwa, kwa sababu nilipoingia msikitini alasiri, mtu aliyekuwa safu ya nyuma yangu alinong'ona, "Duara ni duara."

Sokoni Darajani hawauzi kanga nusu. Inauzwa doti, na mama mkwe alitaka kuichagua mwenyewe. Nikampakia nyuma ya baskeli. Alikubali kwa sharti betri ibakie nyumbani.

Siku hizi nikilitoa tu boksi la spana, hapana anayesema neno, lakini nguo zote zinaanuliwa. Hata zikiwa mbichi.