Fundi Bomba na Ua Langu

Najua habari mmeshaipata. Rafiki yangu alikuwepo, simu alikuwa nayo mkononi, na kwa jinsi anavyoisimulia, mimi nimemwita fundi bomba usiku aje kuziba ua. Mwongo. Nilimwita azibe dari. Ua lilijitaja lenyewe.

Ua mnalijua, nimelipiga picha mpaka baadhi yenu mkaniomba nipumzike. Ni lile gimbi la mapambo, wengine huliita sikio la tembo. Kiazi chake nilikifukia sentimita 5 hivi kwenye chungu cha upana wa sentimita 40, kisha nikawahutubia hapa hapa kama bwana shamba: gimbi linapenda maji, udongo wake usikauke, hata ukiliachia sahani ya maji chini ya chungu halinuni, si kama binamu yake alokasia, ambaye ukimlowesha namna hiyo kiazi kinaoza. Yote kweli. Nilisahau kipengele kimoja tu.

Likatoa majani sita, kubwa lao linashinda sinia, na ncha zote zinaning'inia kutazama chini. Shikeni hapo kwenye ncha. Nikaliingiza sebuleni, kando ya kochi, lipendeze.

Asubuhi ya kwanza mkono wa kochi umelowa. Usiku wa pili nimelala, nasikia: to. Kimya. To. Sasa nyie niambieni, mtu akisikia maji yanadondoka ndani ya nyumba anatazama wapi? Juu. Na juu yangu kuna bafu la jirani. Kesi imeisha, hata shahidi hahitajiki.

Nikamwandikia: "Shikamoo mama, samahani, bafu lako linavuja huku kwangu." Akajibu kwa upole, akaomba radhi. (Aliomba radhi, jamani. Hilo linaniuma mpaka sasa.) Usiku ule, to. Ujumbe wa pili haukuwa na shikamoo. Wa tatu nilimtumia na mwenye nyumba, pamoja na picha ya madoa meupe kwenye kochi, nikaandika chini yake: "Hii ni sabuni yake."

Huku nyuma, kwa kuwa joto lilikuwa kali, nilikuwa namwagilia gimbi kila jioni mpaka sahani inafurika, halafu nafunga madirisha nalala. Nyie mmeshaelewa. Mimi nilikuwa nahesabu matone na kuandika saa, nijenge ushahidi.

Jumamosi saa nne usiku tukakusanyika, maana nilisisitiza kwamba maji huja usiku tu. Mwenye nyumba, fundi na ngazi yake, jirani mwenyewe amejifunga khanga, na rafiki yangu aliyesema amekuja kunipa moyo. Fundi akagonga dari. Akasema panalia kukavu. Nikamwambia toboa. Mwenye nyumba akaniangalia, nikarudia: toboa. Akatoboa tundu la kuingiza kichwa, akakiingiza, akakaa nacho humo muda mrefu. Alipokitoa kilikuwa cheupe kwa vumbi, hata nyusi.

"Kukavu, dada."

Kabla sijafungua mdomo: to.

Watu watano tukatulia kama tunapigwa picha. Fundi akashuka ngazi hatua moja, akawasha tochi. Mwanga ukaanza kwenye dari, kavu. Ukateremka ukutani, kavu. Ukateremka tena polepole, namna polisi wanavyomulika mtu aliyejificha nyuma ya pazia, ukafika kwenye jani kubwa, ukafuata mshipa wa katikati mpaka nchani, ukasimama.

Kwenye ncha kulikuwa na tone. Zuri, nawaambia ukweli, limeng'aa kama kito. Likavimba. Likarefuka. Likaning'inia pale kama linatusubiri wote tuwe makini. Likadondoka kwenye beseni nililolitega mimi mwenyewe: to. Hakuna aliyesema neno. Nchani pakaanza kuvimba jingine.

Nilichofanya sijui kilitoka wapi. Nililishika jani nikalifuta kwa kiganja, kama mama anayemfuta mtoto kamasi mbele ya wageni. Jani la pili nalo likadondosha. Nikalikimbilia. Kisha la tatu. Mtu mzima, nguo za kulalia, nayafuta majani pua.

Fundi akakunja ngazi. "Dada, hapa ungemwita bwana shamba."

Ndipo jirani akasema, tena taratibu, bila hasira, ingekuwa afadhali angenitukana: "Mimi nina siku nne naoga kwa kikombe nimesimama ndani ya beseni, nisikuloweshe."

Baadaye ndipo nikajisomea. Mchana maji ya mmea hutoka majanini kama mvuke, hatuyaoni. Usiku vile vitundu vya jani hufunga, lakini mizizi iliyozama kwenye udongo wa maji haina habari, inaendelea kuvuta. Msukumo ukizidi, maji yanatokea kwenye matundu madogo ya ukingoni, na kwa gimbi hasa nchani. Tena si maji matupu, yana chumvichumvi za mmea, yakikauka yanaacha alama nyeupe. Ile sabuni.

Mengine mnayakisia. Fundi nimemlipa kutoboa, nikamlipa na kuziba. Mwenye nyumba akinikuta ngazini anaulizia hali ya mgonjwa. Sahani nimeiondoa, namwagilia asubuhi na kwa kiasi, chungu kimehamia kibarazani, matone yamepungua. Na rafiki yangu ajue video ninayo nakala, anaonekana anacheka mpaka anakalia beseni.

Kwa jirani nilipanda na shikamoo zote nilizokuwa nadaiwa, pamoja na kichipukizi cha gimbi kwenye chungu kidogo, kina majani mawili. Akakipokea kwa mikono miwili. Nikajua yameisha.

Jana saa sita usiku simu ikalia. Ujumbe wake: "Mwanangu, bafu lako linavuja huku kwangu."