Eti metali isiyoyeyuka!

Kuna video inazunguka kwenye makundi, nimeshatumiwa na watu zaidi ya mmoja. Kombora linapaa, muziki wa kutisha, halafu sauti nzito inatangaza kwamba siri yote ya makombora ni tungsteni, "metali isiyoyeyuka". Chini yake watu wamemwaga makofi. Jamani!

Tungsteni inayeyuka, kwenye nyuzi 3422 za Selsiasi. Kweli, hakuna metali nyingine inayofika huko. Titani tunayoisifia kila siku huishia 1668. Namba hiyo siibishii. Kinachoniudhi ni kuchukua namba moja na kuifanya jibu la kila swali, kana kwamba mhandisi hufungua jedwali, akachagua namba iliyo kubwa kuliko zote, kisha akaenda zake kulala.

Adui wa tungsteni si moto, ni oksijeni. Chukua zile balbu za zamani. Waya wake ni tungsteni, na huwaka kwa nyuzi zaidi ya 2000 usiku kucha bila kudhurika, kwa sababu ndani ya kioo hewa imeondolewa. Kioo kikiingia ufa, washa uone: waya unang'aa mara moja, moshi unafuka, umekatika, na kwenye kioo umebaki unga mweupe wenye umanjano kidogo. Hapo hakuna kilichoyeyuka. Metali imeliwa. Ikiwa hewani, tungsteni huanza kushika oksidi, yaani kuungana na oksijeni kama chuma kinavyoshika kutu, kwenye nyuzi mia kadhaa tu. Ikipita 1000 hivi, oksidi yenyewe inageuka mvuke na kupeperuka, ikiacha uso mpya uliwe tena. Molibdeni, metali nyingine inayosifiwa kwa joto, ndiyo kabisa, haina hata aibu. Niobi, metali ya kundi hilohilo, nayo haiponi: injini kuu ya vyombo vya Apollo vilivyopeleka watu mwezini ilikuwa na sehemu ya nozeli, yaani mdomo wa kutolea gesi ya moto, ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya niobi, na ilibidi ipakwe tabaka la kuikinga na oksijeni. Kwa hiyo ukiniambia metali fulani "inastahimili joto", swali langu la kwanza ni: ikiwa imezungukwa na gesi gani?

Uzito sitauzungumzia sana. Sentimita moja ya ujazo ya tungsteni ni gramu 19.3, sawa na dhahabu, zaidi ya mara nne ya titani. Haya, irusheni.

Na kuifanyia kazi ni balaa jingine. Ikiwa baridi huvunjika kama kigae, na chombo cha kuiyeyushia ni shida kukipata, kwa hiyo kwa kawaida hushindiliwa ikiwa unga, ikachomwa, kisha ikafuliwa ingali moto. Hata ule waya wa balbu ulisumbua watu mpaka William Coolidge alipopata njia ya kuufanya ukubali kupindwa, karibu na mwaka 1910.

Sasa turudi kwenye pua ya kombora, maana ndipo sauti nzito ilipojiachia. Kichwa cha kombora la masafa marefu kinaporudi kutoka juu huchomwa hasa na hewa inayobanwa mbele yake. Miaka ya 1950 H. Julian Allen na Alfred Eggers kule Marekani walionyesha kwamba umbo butu linafaa kuliko lililochongoka, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hubaki hewani badala ya kuingia kwenye chombo. Na ngao za kwanza walizotumia Wamarekani? Shaba! Shaba nene, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1085, ilichaguliwa kwa sababu hunyonya joto na kulisambaza upesi. Baadaye ikaachwa kwa kuwa nzito mno, zikaja ngao zinazoungua na kumomonyoka kwa makusudi, zikiondoka na joto lao. Yaani suluhisho lilikuwa kitu kinachokubali kuteketea. Video haikugusa hata neno moja la hayo.

Basi, niwape haki yao pale wanapostahili. Koo la nozeli, yaani sehemu yake nyembamba kabisa, kwenye mota ya fueli yabisi (fueli ngumu, si ya kumiminika) ni mahali ambapo tungsteni ilipata heshima ya kweli. Gesi inapita kwenye nyuzi zaidi ya 3000, imebeba chembe za oksidi ya alumini zinazosugua kama msasa, na hakuna fueli ya kimiminika ya kuzungusha ukutani ipooze. Koo likipanuka, shinikizo linashuka na msukumo unapungua. Metali inayobaki ngumu katika hali hiyo ni lulu, hasa kwa kuwa gesi ile haina oksijeni huru nyingi na kazi yenyewe ni ya dakika moja au mbili.

Hata hapo haikuachwa peke yake. Miaka ya 1960 ilitumika tungsteni yenye vinyweleo iliyojazwa fedha. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962, ikageuka mvuke, ikatoka kama jasho na kuipoza tungsteni. Shujaa wenu wa nyuzi 3422 alikuwa anaokolewa na metali laini ya vidani.

Siku hizi kwenye mota nyingi kubwa koo hilo hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za kaboni zilizogandishwa ndani ya kaboni. Si metali kabisa, na kwa ujazo uleule uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya tungsteni.