Tutenganishe choo na bafu

Naishi Uholanzi, na mengi ya huku sitamani yahamie Dar. Hili moja natamani. Nyumba nyingi za familia hapa zina choo cha peke yake, mara nyingi chini karibu na mlango wa mbele, na bafu liko ghorofani. Choo chenyewe ni kidogo: kanuni zao za ujenzi zinadai angalau sentimita 90 kwa 120 kwa nyumba mpya, na wengi hawaendi mbali na hapo. Ndani kuna choo cha kukaa na kisinki cha kunawia, mara nyingi maji baridi tu. Mlango kwa kawaida unafungukia nje.

Na sisi utaratibu huu tulikuwa nao. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Magomeni, zile za korido katikati na vyumba huku na huku, nyingi zilikuwa na choo na bafu uani, kila kimoja na mlango wake. Anayeoga hakumzuia aliyebanwa. Tulipoanza kujenga Goba, Chanika na Kigamboni tukavisukuma vyote chumba kimoja. Sasa alfajiri watoto wa shule, baba anayewahi daladala na bibi anayetaka kutawadha wanasubiriana kwenye mlango mmoja, na mgeni aliyeko sebuleni anajikaza mpaka aondoke. Hilo linaniuma, maana dawa yake ni ukuta mmoja tu.

Mdogo wangu anajenga, amenitumia ramani. Choo cha familia ni mita 1.5 kwa 2.4, na humo humo fundi amechora jakuzi. Nimemwomba alifute. Eneo hilo ukilikata kwa ukuta wa tofali la inchi 5, unapata choo cha upana wa sentimita 90 na bafu la karibu mita 1.3, ukishatoa na plasta. Kutoka katikati ya choo cha kukaa hadi ukuta wa pembeni unataka sentimita 38 hivi, na mbele yake 60 za magoti. Zinapatikana. Mabomba ya pande zote mbili yapite kwenye ukuta huo wa kati, yatoke nje kwenye chemba moja, na gharama haitapanda sana.

Mlango wa choo ufungukie nje. Kwetu tunafungulia ndani, unagonga choo, na mzee akianguka humo mwili wake unaziba mlango. Wa kumwokoa anashindwa kuingia.

Lakini tusinakili kila kitu. Vyoo vingi vya huku havina dirisha, vinategemea feni. Kwa joto la Dar na umeme unaokatika, weka dirisha juu, au hata matofali ya matundu. Huku pia hakuna anayeweka pipa la maji bafuni. Sisi Mto Ruvu, unaotuletea maji Dar, ulipopungua mwaka 2021 mgao ulilikumba jiji, kwa hiyo pipa na ndoo vipangiwe kona yao kwenye ramani, na koki ya chini ya kukingia. Tunaoga kwa kopo, maji yanaruka kila upande: sakafu nzima ya bafu iteremke kuelekea tundu la maji, sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita, si pale chini ya shawa peke yake.

Tena, kwa nyumba ya Waislamu, Dar kibla ni karibu kaskazini kabisa. Choo kitazame mashariki au magharibi, anayekitumia asiipe kibla uso wala mgongo. Hili liamuliwe kabla jamvi (zege la sakafu) halijamwagwa, na choo chenyewe kiwe kimeshanunuliwa, kwa sababu kuna vinavyotolea uchafu chini na vinavyotolea ukutani. Bomba la inchi 4 likishafunikwa na zege, kulihamisha ni kuvunja.