Kababu za Nyama Tupu Zilizotiwa Mkate

Mwezi uliopita, katika arusi ya jamaa yetu mjini Tanga, nilimfuata mpishi jikoni kabla mwanangu hajatia kitu kinywani, nikamuuliza kama kababu zake zilikuwa na unga wa ngano. "Hata chembe, dada. Hii ni nyama tupu na viungo," alinijibu, nami nikamwamini. Usiku uleule mtoto, ambaye ana ugonjwa wa siliaki na hapaswi kula gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, hata kidogo, aliumwa tumbo na kutapika hadi alfajiri. Nilipompigia mpishi asubuhi alishtuka kwa dhati: unga hakutia, alitia slesi za mkate zilizorowekwa kwenye maziwa, ili nyama ishikane.

Hakunidanganya, na hilo ndilo linaloniumiza. Katika jikoni zetu, kinachotiwa ili nyama ishikane au ijae hakihesabiwi kuwa chakula. Mkate ukishapotelea ndani ya kababu, haukumbukwi tena kuwa ni ngano. Utumbo wa mtoto hausahau. Kwa mwenye siliaki, gluteni huifanya kinga ya mwili ishambulie utando wa utumbo mwembamba, na kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa chakula kinachoitwa kisicho na gluteni hakizidi miligramu 20 kwa kilo. Slesi moja katika kilo nzima ya nyama hukivuka kiwango hicho kwa makumi ya mara.

Viwandani mambo ni yaleyale, ila kwa majina magumu zaidi. Soseji nyingi hujazwa raski, ambayo ni ngano iliyookwa na kusagwa ili inyonye maji, pamoja na soya au maziwa ya unga, na hapo mwenye mzio wa soya na mwenye mzio wa maziwa nao wamo hatarini. Mwislamu anayekuta neno jelatini ana haki ya kujua imetoka kwa mnyama gani. Pakiti ikiandika "wanga" bila kutaja ni wa mahindi, muhogo au ngano, haijatuambia kitu. Hata mvuje wa unga tunaotia kwenye dengu mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, kwa kuwa utomvu wenyewe ni mkali na mgumu kusagika.

Nakubali kwamba nyama ni ghali na kwamba familia nyingi zisingeonja kababu bila mkate kuziongeza. Simdai mama lishe achapishe lebo. Nadai kiwanda kitaje asili ya kila kishikizo, yaani kila kinachotiwa ili nyama ishikane, na mpishi wa shughuli aweze kujibu akiulizwa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, taarifa za vizio 14, yaani vyakula vinavyoleta mzio, ni lazima zitolewe hata kwa chakula kisichofungwa kwenye pakiti.

Vishikizo visivyo na ngano havijakosekana. Karagenani, inayoshikanisha nyama za viwandani, hutokana na mwani wa aina ileile wanayolima wanawake wa Paje na Jambiani, Zanzibar. Nyumbani natumia kiazi kilichochemshwa na kupondwa, pamoja na yai, na kababu hazivunjiki. Nikienda shughulini siulizi tena kama kuna ngano. Namuuliza mpishi, "Nyama hii umeishikanisha kwa kitu gani?", na nasubiri anitajie kila kitu alichotia.